Ua la Mama na Furu wa Yunus

Alhamisi, Februari 12

Kaka Yunus ameondoka leo na ndege ya asubuhi, anakwenda Dar kufanyiwa upasuaji wa moyo. Hadiya, binti yake, ndiye aliyemsindikiza na ndiye atakayekaa naye huko. Mlangoni hakuniaga mimi kwanza. Alikwenda kwenye tangi lake la kioo, akaligonga kwa ukucha, akawaaga samaki. Kisha ndiyo akanigeukia, akanikabidhi daftari hili pamoja na masharti: kila siku niandike maji yakoje, umeme ulikuwepo au haukuwepo, na samaki wakoje. Ndivyo walivyoandika kwenye kivuko cha Kigongo, alikokuwa fundi wa mitambo mpaka daraja likafunguliwa na kivuko kikapumzishwa. Siku aliyohamia hapa kwangu Kirumba alikuja na begi moja la nguo na tangi hilo. Lilibebwa na wanaume wanne na likachukua mahali pa kabati langu la vyombo.

Aliponipa mkono ulikuwa baridi. Nilitafuta neno jema la kumwambia, nikamwambia afunge zipu ya koti. Ndivyo nilivyo.

Haya. Maji sijui. Umeme upo. Samaki wanaogelea, wafanye nini kingine.

Ijumaa, Februari 13

Maji kama jana. Umeme upo. Samaki wazima.

Jumapili, Februari 15

Mashine ya hewa ya hili tangi itanitoa roho. Inanguruma tangu alfajiri mpaka alfajiri. Cherehani yangu nayo ina kelele, lakini zile zinaniletea riziki. Hii inanguruma bure. Yunus alipopiga simu jioni nilimlalamikia. Akacheka kwa pumzi fupi, akasema anaisikia mpaka huko wodini, na akiisikia anajiona yuko nyumbani. Nikamwambia basi angeondoka nayo.

Bado wanampima. Siku ya upasuaji haijapangwa.

Jumatatu, Februari 16

Wateja wamekuja leo, wakaacha kuangalia mishono wakaangalia samaki. Mmoja aliniuliza wataliwa lini. Sikumlaumu. Hawa ni furu, tena furu wa ziwani hapa hapa. Utotoni tuliwavua kwa ndoana ya pini, tukawatunga kwenye unyasi, tukarudi nao nyumbani tukiringa. Walikuwa samaki wa watoto na wa mtu asiye na kitu. Halafu sangara akaja akawamaliza, na mimi nikakua nikawasahau. Leo furu analala sebuleni kwangu na umeme wake.

Yunus aliwatoa kwenye mawe karibu na gati la Kigongo. Anasema wa aina hii, wenye mkia mwekundu namna hii, alirudi kuwatafuta mara nyingi na hakuwaona tena. Alivyoniambia, wakifa hawa hajui pa kupata wengine.

Kuna dume moja kubwa. Amemwita Ngosha, kama tunavyowatania wanaume wa Kisukuma. Mwili wake ni mweusi unaoelekea bluu, mkia wake ni mwekundu kama kaa la moto. Waliobaki wote wana rangi ya majivu, na Ngosha anawafukuza kutwa nzima. Mimi nimeolewa mara mbili, sikuhitaji kuelezwa.

Jumanne, Februari 17

Mwezi unaandama kesho au kesho kutwa. Tangu enzi za mama nyumba hii haijaupokea mwezi mtukufu ikiwa chafu, na mimi sitakuwa wa kwanza. Leo nimefua mapazia, nimetoa mazulia nje, nimesugua masufuria mpaka yale ambayo hayajaguswa tangu Idi iliyopita.

Halafu nikaliangalia tangi. Kioo kina ukijani. Mawe yana utelezi. Nilifungua mashine, nikakuta sponji nyeusi tii inayonuka tope. Nikasema, Yunus, kweli umeishi na hii. Nikawaweka samaki kwenye ndoo, nikamwaga maji yote, nikasugua jiwe moja moja kwa dodoki na sabuni ya unga. Sponji niliichemsha mpaka ikarudi rangi ya njano, kumbe ilikuwa ya njano. Nikasuuza vyote hadi povu likaisha, nikajaza maji ya bomba, nikawarudisha wenyewe. Usafi ni nusu ya imani, na samaki nao ni viumbe wa Mungu.

Jioni kioo kilikuwa kinawaka. Kwa mara ya kwanza nilivuta kiti nikakaa mbele yake. Niliona magamba ya Ngosha yakibadilika kila alipogeuka, mara bluu, mara kijani, na sikujua nimekaa muda gani. Wali umeungua.

Alhamisi, Februari 19

Tumefunga. Maji safi kabisa. Umeme ulikatika mchana ukarudi. Samaki wamejibanza pembeni. Nadhani wanaushangaa usafi.

Jumamosi, Februari 21

Maji yamekuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Samaki wako juu, wanafungua midomo kwenye hewa. Sielewi. Nilipunguza chakula.

Jumapili, Februari 22

Ngosha amekufa.

Nilimkuta asubuhi amelala ubavu juu ya mawe niliyoyasugua mwenyewe. Rangi yote ilikuwa imemtoka. Alikuwa wa majivu kama wenzake, mkia mweupe. Kama si ukubwa wake nisingemjua. Na wenzake watatu walikuwa wanaelea.

Nilikaa chini. Samaki, jamani. Nimezika waume, nimezika mama, na leo nimelia kwa ajili ya furu ambao utotoni nilikuwa nawatoboa shavu. Lakini si furu niliyemlilia, hilo najua. Mtu kaniachia kitu kimoja tu.

Niliwazika chini ya mpapai, nimewafunga kwenye kipande cha bafta kilichobaki kwenye mashuka ya mteja. Baadaye nikajichukia kwa kuchagua kitambaa cheupe kama sanda.

Yunus alipiga simu baada ya futari. Akauliza wanaendeleaje. Nikasema, "Wazima." Akauliza na Ngosha. Nikasema anawafukuza wenzake kama kawaida. Akasema alhamdulillahi, na sauti yake ikatulia. Kisha Hadiya alichukua simu akatoka nayo nje, akaninong'oneza kwamba madaktari hawataki baba yake ashtushwe kwa jambo lolote. Kwa hiyo nimeanza uongo, na nimepewa ruhusa ya kuuendeleza.

Jumanne, Februari 24

Umeme ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi ulirudi kwa nguvu, mashine ya hewa ikatoa moshi na kunyamaza. Bashiru, kijana wa kutengeneza redio na simu hapa mtaani, aliifungua akatikisa kichwa. Mjini nimezunguka na mfungo wangu, kila duka linaniambia niagize nisubiri.

Nyumba imenyamaza. Niliuomba ukimya, nimeupata.

Waliobaki ni watano, wote wa majivu. Nachota maji kwa kopo, nayamwaga toka juu ili yaingize hewa. Nachota, namwaga. Vazi la mteja limelala mezani.

Jumatano, Februari 25

Mwalimu Tereza, anayefundisha baiolojia sekondari, alikuja kupimwa gauni la Pasaka. Alinikuta nimelowa mpaka mabegani. Mficha uchi hazai. Nilimweleza yote, kuanzia sabuni.

Hakucheka, ingawa nilimwona akikizuia kicheko. Alieleza polepole, kama anavyoeleza darasani nadhani. Kwamba samaki anajisaidia mle mle anamopumua, na ile taka inageuka sumu. Kwamba kwenye yale mawe ya utelezi na ile sponji nyeusi kulikuwa na vijidudu wasioonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu, wanaoila ile sumu na kuigeuza kitu kama mbolea. Mimi niliwachemsha.

"Ule uchafu ndio uliokuwa unasafisha, mama," akasema.

Nimeyarudia maneno hayo kutwa nzima. Miaka yote hii najisifu kwamba kwangu huwezi kupata doa.

Nilimuuliza nifanye nini. Akakiri kwamba hajawahi kufuga hata samaki mmoja, ni mambo ya vitabuni tu. Vijidudu watarudi wenyewe taratibu, ila samaki hawatawasubiri. Akaangaza macho ukutani kama mtu anayetafuta saa, yakatua kwenye ua la mama.

Ua lenyewe ni lile la kutambaa, lenye majani ya umbo la moyo na madoa ya njano. Mama alilikuta kwa shoga yake kule Nyakato, akaliweka kwenye chupa ya maji, na tangu hapo halijawahi kuona udongo. Limepanda juu ya dirisha, limezunguka picha ya Makka, limeshuka mpaka karibu na cherehani. Mama alipofariki sikulipunguza hata jani. Tereza akaniuliza ua hili linakula nini humo chupani. Nikamwambia maji. Akasema kwa maji matupu, basi, limekuwa na njaa miaka yote. Mizizi yake ikiingia kwenye tangi itakula ile ile sumu inayowaua samaki. Majani yabaki nje, yasiozee majini, mizizi tu ndiyo izame.

Nilisimama na mkasi wangu wa kukatia vitambaa nikashindwa. Mwisho nilisema bismillahi nikakata, chini ya kila kifundo chenye kijizizi. Nikavisuuza vipande kwa maji matupu, na mkono ukiitafuta sabuni wenyewe. Kisha nilifanya ninachokijua: nimechukua lastiki ya kiunoni, nimeshonea vitanzi, nimeizungusha ukingoni mwa tangi. Kila kitanzi kimeshika shina moja. Tereza alisema hajawahi kuona tangi lililoshonewa mkanda.

Pia ameniambia kila siku nitoe ndoo moja ya maji na kurudisha moja, ila maji ya bomba yawe yamelala kwenye beseni tangu jana yake ili ile harufu ya dawa itoke.

Alhamisi, Februari 26

Mwingine amekufa. Wamebaki wanne. Mizizi haijafanya chochote ninachokiona.

Jumamosi, Februari 28

Bashiru kaniletea karai zima la gugu maji kutoka ufukweni, jani lake nono, mizizi mirefu kama ndevu za beberu. Anasema kama ni mizizi ya kula uchafu, hii ndiyo mfalme. Nilimpigia Tereza, akasema kijana hakukosea, ila litakuja na konokono wake.

Sikulitia. Yunus alipigana na gugu hilo miaka nenda miaka rudi, likinasa kwenye panga zinazosukuma kivuko na abiria wakimtukania mama yake, nami siwezi kumkaribisha adui yake sebuleni wakati yeye yuko kitandani. Lakini kabla ya kulitupa juani nililigeuza geuza mkononi. Kumbe naye kazi yake ni kusafisha. Ananenepa kwa yale tunayoyamwaga ziwani sisi wenyewe, halafu tunamlaani kwa unene wake.

Jumatatu, Machi 2

Mvua. Umeme hakuna. Kopo na maji, kopo na maji. Wanne wazima.

Jumanne, Machi 3

Mizizi imeota! Ni nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wangu wa namba ndogo kabisa, zinashuka kutoka kila kifundo. Jana hazikuwepo. Samaki mmoja alikuwa amesimama katikati yake, ametulia, hafungui mdomo kwenye hewa.

Jumamosi, Machi 7

Leo lazima niandike vizuri.

Mvua ilinyesha asubuhi yote, ya mawe mpaka bati likapiga kelele, kisha jua likatoka ghafla likaingia dirishani moja kwa moja kwenye tangi. Maji yamekuwa meupe. Siyo ule mng'aro wa sabuni wa siku ile. Yana rangi kidogo, kama chai ya kwanza, lakini unaona mpaka punje ya mchanga. Mizizi imefika chini. Imejaa kama pindo la shela, na wale wanne wanapita humo wakitokea huku na kule bila haraka.

Na juu ya tangi, shina lililokuwa na majani matatu ya ukubwa wa kiganja cha mtoto limefungua jani jipya kubwa kuliko mkono wangu. Linang'aa. Nililishika, nikayaangalia maji, nikaliangalia tena. Hili jani jana lilikuwa mavi ya samaki. Yale yale yaliyomuua Ngosha yamepanda kwenye uzi mweupe mwembamba, yakawa jani. Hakuna aliyesugua. Hakuna aliyemwaga. Hakuna mashine, hakuna umeme, na nilikuwa nimelala.

Subhanallah. Nilisema kwa sauti, peke yangu sebuleni. Nimefundishwa kwamba uchafu unaondolewa, unatupwa mbali, hauonekani tena. Sikujua kwamba hakuna mbali. Mbali ni tumbo la mwingine.

Nimeacha kumwaga maji kwa kopo kila saa. Nafanya asubuhi na jioni, na wanapumua vizuri. Kioo kimeanza ukijani tena upande wa chini. Nimekishika kitambaa, nikakirudisha msumarini.

Jumanne, Machi 10

Mungu anatucheka. Mmoja wa wale wa majivu, niliyemhesabu jike, amepata rangi. Juzi mkia ulikuwa na wekundu wa aibu, jana ukakolea, leo mwili umekuwa mweusi wa bluu na anawafukuza wenzake. Kumbe alikuwa dume muda wote, kajificha ndani ya majivu akimwogopa Ngosha. Bwana mkubwa hayupo, naye kavaa kanzu yake.

Wazo likanijia nikalikaribisha: Yunus akirudi atamwona huyu na atadhani ni Ngosha. Sitalazimika kusema kitu.

Ijumaa, Machi 13

Hadiya amenipigia akilia. Siku imepangwa, ni Jumatano, na baba yake hataki. Anasema ameshaishi vya kutosha, wamrudishe Mwanza. Hasemi sababu. Niliongea naye, akaniuliza kwa sauti ya mbali wanaendeleaje, nikasema wazima, akasema sawa. Siku hizi hamuulizii Ngosha, nami nashukuru.

Jumapili, Machi 15

Jike mmoja anaumwa. Amevimba koo, kidevu kimeshuka kama mtu mwenye matumbwitumbwi. Hali. Nikitupa chakula wenzake wanakimbilia, yeye anasogea, anakiangalia, anarudi kwenye mizizi. Mara kwa mara anatafuna na hakuna alichokila.

Bashiru anasema nimtoe kabla hajawaambukiza. Tereza amesema hajui, na nimempenda kwa kukubali kwamba hajui. Nilishika chujio la chai mkononi zaidi ya mara moja. Nililiingiza majini, akarudi nyuma hadi kwenye mizizi na kuniangalia. Mimi nimefunga, naye ni kama kafunga. Nimeacha mpaka kesho.

Jumatatu, Machi 16

Jioni, kabla ya adhana, Yunus alipiga. Sikupanga kumuuliza, ilinitoka tu: furu akivimba koo na akasusa chakula, dawa yake nini?

Nilisikia kitanda chake kikilalama, kama anajiinua.

"Unamwona?" akauliza. "Bimdogo, unamwona kwa macho yako, sasa hivi?"

Nikasema namwona, yuko mbele yangu kwenye mizizi. Akauliza mizizi gani. Nikamweleza ua la mama. Akauliza kidevu kimeshuka, anatafuna bila kula? Nikasema ndiyo.

"Usimguse. Ana watoto mdomoni."

Kisha nikamsikia kaka yangu analia. Sikumsikia akilia alipofiwa na mkewe. Alisema miaka yote aliyokaa nao hawakuwahi kuzaa, kwamba labda walikosa pa kujificha, tangi lilikuwa mawe matupu na Ngosha.

Nilipokata simu nilikumbuka. Tulipokuwa watoto pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, tukimvuta furu jike nchi kavu, alikuwa anatapika visamaki vidogo vidogo mchangani. Sote tulijua maana yake: furu ni mlafi, anakula watoto wa wenzake. Tulikuwa na wimbo wa kumzomea. Mtoto aliyekula sana nyumbani aliitwa furu. Mimi niliitwa hivyo. Tulivikanyaga vile visamaki kwa miguu tukicheka, kumbe tulikuwa tunamwadhibu kwa ulafi mama aliyekufa njaa ili wanawe wapate mahali.

Nilikwenda mbele ya kioo nikamwomba radhi. Sikujali kama ni kichaa. Niliangalia ule mdomo uliofungwa, mdogo kama kishimo cha kifungo, na sikuweza kuondoka. Tende yangu ya futari nimeila nikiwa nimesimama pale pale.

Jumanne, Machi 17

Hadiya: baba amekubali. Amesaini asubuhi bila kubembelezwa.

Jumatano, Machi 18

Wamemwingiza saa mbili. Sikushona. Nimekaa na yeye, wa mdomo. Yeye anageuza geuza walio ndani, mimi nageuza tasbihi. Mvua imenyesha bila kukata. Saa tisa Hadiya kapiga: ametoka, yuko hai, bado hajaamka.

Maji safi. Samaki wazima. Umeme sijui, sikuwasha kitu.

Jumamosi, Machi 21

Idi. Yunus ameongea maneno mawili, "Idi njema," kwa sauti ya karatasi. Nimepika pilau la watu kumi na nimelila na jirani. Yule wa mdomo bado amefunga. Sisi tumefungua, yeye anaendelea.

Jumapili, Machi 29

Wa mdomo amekonda mpaka mgongo unaonekana. Koo limekuwa jeusi jeusi kwa ndani, kama kuna macho.

Alhamisi, Aprili 2

Walitoka leo.

Nilikuwa napiga pindo la gauni la Tereza. Nilinyanyua kichwa kukata uzi, nikaona vumbi mbele ya mdomo wake. Vumbi lina macho. Nilisogea kwa magoti. Alikuwa amesimama kwenye mizizi, anafungua mdomo polepole, na wanatoka, mmoja, halafu kundi, kila mmoja samaki kamili, ana mkia, ana mapezi, mdogo kuliko punje ya mchele. Wakasambaa kwenye nyuzi nyeupe wakaanza kudonoa kitu wasichokiona macho yangu. Kama ningekuwa nimeisugua ile mizizi, wangedonoa nini?

Kivuli changu kiliangukia kioo. Mama akatikisa mkia mara moja, na wote, wote, wakarudi mdomoni. Mara hakuna kitu. Samaki mmoja mwembamba mwenye kidevu kizito ananitazama.

Nimekaa sakafuni nimeshika sindano. Nilitaka kumwita mtu na sikutaka mtu.

Jumapili, Aprili 5

Tereza amepita na gauni lake kutoka kanisani. Limemkaa. Alipiga magoti mbele ya tangi nalo na sikumkataza.

Jumatano, Aprili 8

Yunus amerudi.

Alishuka kwenye teksi kama mzigo wa mayai, Hadiya upande mmoja, Bashiru upande mwingine. Mlangoni nikampa shikamoo yake, hakuitikia, maana alikuwa ameshaliona tangi. Majani yamelifunika juu na kushuka pembeni, mkanda wangu wa lastiki umepotea humo. Tukamkalisha kwenye kiti mbele yake. Dume la mkia mwekundu likaja kwenye kioo kumpima mgeni.

Hadiya akasema, "Baba, Ngosha wako huyo, anakusalimia."

Yunus akatabasamu. Mambo yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa sihitaji kufanya lolote zaidi ya kwenda jikoni kuleta uji.

Sikwenda. Nilimwambia yule si Ngosha. Nilimwambia habari za sabuni, na sponji niliyoichemsha, na bafta, na mpapai. Nilimwambia kila jioni nilikuwa namdanganya. Hadiya alinikodolea macho.

"Najua," Yunus akasema.

Aliongea kwa vipande, mkono kifuani. "Mashine ilinyamaza. Ulipokea simu siku ile, sikusikia kitu nyuma yako. Mimi ni mtu wa mitambo. Nikajua wamekwisha wote."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuuliza.

"Ulikuwa unasema wazima. Nikisikia hivyo napata usingizi." Akapumua. "Halafu ukaniuliza habari za koo. Hilo mtu hawezi kulitunga."

Nilimfunga zipu ya koti. Aliinama kidogo, kadiri mshono ulivyomruhusu, na uso wake ulipokaribia kioo, wale wadogo waliotapakaa kwenye mizizi walikusanyika ghafla na kuingia mdomoni kwa mama yao. Wamekua, hawatoshi. Mmoja alibaki nje akibisha hodi, mpaka mdomo ukafunguka tena.

Kaka yangu, ambaye amekaa na furu hao miaka yote, aliangalia mpaka uji ukapoa jikoni. Kisha alinyoosha kidole kwenye ukijani wa kioo, akaniomba nisiufute.

Alhamisi, Aprili 9

Maji safi. Umeme hakuna. Samaki wazima. Yunus kapata usingizi.